Dakika Kumi na Mbili za Damari Hezekia

Jumatatu tarehe 30 Juni 2025, Damari Hezekia, Fundi Mkuu wa Kituo cha Sauti cha Miamba hapa Singida, anastaafu baada ya kutumikia kituo hiki miaka thelathini na minane na miezi minne kasoro siku mbili. Aliripoti kazini Jumatatu ya tarehe 2 Machi 1987, saa moja na nusu asubuhi, akiwa na miaka ishirini na mmoja, cheti cha sekondari ya ufundi mkononi na bisibisi moja mfukoni. Saa ninaikumbuka kwa sababu ni mimi niliyemfungulia mlango.

Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu huu kwa kuwa nilikuwa mkurugenzi wa kwanza wa kituo, tangu 1986 hadi 2004, na ni mimi niliyemwajiri. Mkono wangu hautulii tena kwenye karatasi. Mimi ninasema, binti yangu Anastazia anaandika. Nina miaka themanini na sita, na daktari hakunificha hali ya moyo wangu. Wastaafu wenzake waliomtangulia waliandikiwa ukurasa mmoja. Kwa Damari nimeomba kurasa zaidi, na msomaji ataona sababu.

Alizaliwa Iguguno mwaka 1965 katika nyumba ya wakulima wa mtama na alizeti. Alipokuwa na miaka tisa aliifungua redio ya baba yake, akaitandaza yote juu ya mkeka, akairudisha. Zilibaki skrubu mbili, na redio ikasikika vizuri kuliko mwanzo. Mzee Hezekia alizipanga skrubu hizo dirishani, akawa anawaonyesha wageni: "Wazungu waliweka nyingi bila sababu. Binti yangu amewapunguzia."

Hiyo ni mikono yake. Masikio aliyapata kwa bibi yake, Raheli, aliyekuwa akiongoza nyimbo za kinamama wakati wa kupura mtama. Bibi Raheli alikuwa na sauti nzito inayoanza chini, halafu inapanda polepole mpaka fimbo zote zinaufuata wimbo. Damari alipokuja kwetu alikuwa amekwisha kuchoka kuambiwa achague. Walimu wa ufundi walimwambia muziki ni wa kanisani, wenzake wa kwaya walimwambia nyaya ni za wanaume. Siku ya usaili nilimuuliza anapenda nini zaidi, ufundi au muziki. Alinijibu hivi, akiniita Mwalimu kama anavyoniita hadi leo: "Mwalimu, anayejua saketi tu hasikii kilichoharibika. Anayesikia tu hawezi kukitengeneza. Mimi nataka vyote viwili." Nikamwajiri papo hapo.

Wakati huo kituo kilikuwa chumba kimoja kilichozibwa kwa magunia ya katani na trei za mayai. Tulikuwa tunarekodi kwaya, masomo ya kisomo cha watu wazima na mafunzo ya kilimo, halafu tunasambaza kaseti vijijini. Adui yetu mkubwa alikuwa upepo, na anayeujua upepo wa Singida hahitaji kuelezwa. Damari aliivika maikrofoni kofia ya sufu ya mtoto mchanga, na mngurumo ukaisha. Kwaya moja kutoka Kiomboi ilipoiona kofia ile ikauliza mtoto wetu yuko wapi. "Si ndiye huyo mnayemwimbia," aliwajibu. "Imbeni vizuri, msimwamshe."

Mwaka 1990 alitengeneza miksa, mashine ya kuchanganya sauti, yenye njia sita. Bamba lake la mbele lilikuwa sinia la bati, na vitufe vyake vilikuwa vifuniko vya dawa ya meno. Ilifanya kazi miaka kumi na minane. Tulipoanza kurusha matangazo ya redio mwaka 2001, sauti ya kwanza iliyosikika hewani ilipitia kwenye sinia hilo. Mwaka 2013 radi ilipopiga mnara wetu, Damari alitengeneza kipande cha mtambo kilichoungua kwa kutumia vipuri alivyovitoa kwenye mashine ya kuchomelea ya jirani, na jirani yule hadi leo anadai tulimwibia, ingawa anadai huku akicheka. Vijana kumi na wanne waliojifunza kwake sasa ni mafundi mitambo katika vituo vya redio kuanzia Dodoma hadi Mwanza. Mwaka 2009 mhandisi mmoja mgeni, baada ya kukaa naye siku mbili kwenye mitambo, aliniuliza Damari alisoma chuo kikuu gani. Nilimjibu kwamba hakusoma chuo kikuu. Nikabadilisha mazungumzo.

Sababu ya kubadilisha mazungumzo ndiyo iliyobaki katika maandishi haya.

Mwaka 1991 tulipokea sanduku la vipuri kutoka kwa marafiki wa kituo walioko Uingereza. Vipuri vilikuwa vimefungwa kwa kurasa za gazeti. Wengine tulizitupa kurasa zile, Damari alizinyoosha na kuzisoma. Katika ukurasa mmoja alikuta habari ya chuo kikuu kinachofundisha uhandisi wa elektroniki pamoja na teknolojia ya muziki, katika shahada moja, kwa miaka minne. Alikuja ofisini kwangu na ukurasa ule ukiwa bado una mikunjo. Sijawahi kumwona mtu mzima akiwa na furaha kama ile. "Mwalimu, wapo!" alisema. "Wapo watu wengine wanaotaka vyote viwili."

Aliandika barua, nami nikaandika barua ya kumpendekeza. Niliiandika vizuri, na yote niliyosema yalikuwa kweli. Marafiki wale walikubali kumfadhili. Chuo kikajibu kwamba kiko tayari kumpokea kwa sharti la kutuma vitu viwili kabla ya mwisho wa Septemba 1992, yaani kifaa alichokiunda kwa mikono yake na sauti aliyoirekodi mwenyewe.

Kwa kifaa, alichora na kupiga picha ile miksa ya sinia. Kwa sauti, alikwenda Iguguno mwezi wa Juni na maikrofoni mbili, akamrekodi bibi Raheli na kinamama kumi na mmoja wakipura mtama. Alirudia siku tatu mpaka upepo ukatulia. Alipata dakika kumi na mbili. Nilizisikia mara moja. Ungeweza kufumba macho ukajua kila mama amesimama wapi, na sauti ya bibi Raheli ilikuwa katikati yao, ikianza chini na kupanda. Mwezi wa Julai bibi Raheli aliugua wiki moja, akafariki. Baada ya mazishi utepe ule ukawa ndiyo sauti pekee iliyobaki ya mama yule.

Hapa sina budi kueleza tulivyokuwa tunafanya kazi. Tepu kubwa za rili, zile zinazoviringwa kwenye gurudumu, zilikuwa adimu, kwa hiyo kila Ijumaa tulifuta zile zilizokwisha kutumika kwa mashine yenye sumaku, ambayo husafisha rili nzima kwa sekunde chache. Rili isiyotakiwa kufutwa ilifungwa uzi mwekundu. Mtunza stoo wetu, Gerald, ndiye aliyefunga nyuzi hizo na ndiye aliyefuta. Kwa usalama zaidi niliweka sheria, nikaiandika kwa mkono wangu na kuibandika juu ya mashine, kwamba hakuna rili itakayofutwa kabla ya kusikilizwa. Funguo za stoo zilikuwa mbili. Moja alikuwa nayo Gerald, nyingine mimi.

Alasiri moja ya Agosti alifika mgeni wa kilimo kurekodi mazungumzo juu ya mbegu za alizeti. Gerald alikuwa ametumwa posta, na Damari alikuwa Mkalama kurekebisha vipaza sauti. Rili zote safi zilikuwa zimekwisha. Mgeni alikuwa amesimama uani anatazama saa yake. Nilifungua stoo kwa ufunguo wangu. Juu ya spika kubwa iliyokuwa kando ya rafu nilikuta rili imeandikwa kwa penseli: "Iguguno, kinamama." Ilikuwa na uzi mwekundu. Tulikuwa na masomo mengi ya kisomo ya kinamama wa Iguguno yaliyokwisha kusambazwa, nikaamini ni mojawapo, na kwamba Gerald amesahau kufungua uzi. Mashine ya kusikilizia ilikuwa chumba cha pili. Sikwenda chumba cha pili. Nilifungua uzi, nikafuta.

Nilipotoka uani, mgeni alikuwa ameitwa haraka ofisini kwake, akaondoka bila kurekodi neno. Nikairudisha rili juu ya spika, nikafunga tena ule uzi mwekundu ili Gerald asijue kwamba mkurugenzi amevunja sheria yake mwenyewe. Nilikusudia kumweleza Jumatatu. Jumatatu ikaja na mambo yake, nikasahau.

Baada ya wiki tatu, siku mbili kabla ya kifurushi kupelekwa Dar es Salaam, Damari aliiweka rili kwenye mashine mbele yetu sote tuisikilize kwa mara ya mwisho. Ikazunguka mpaka mwisho. Haikuwa na kitu.

Kwenye kikao cha wafanyakazi kesho yake nilikuwa mwenyekiti. Gerald aliulizwa, akasema hakuigusa. Ndipo Damari aliposimama. "Msimsumbue Gerald," alisema. "Ni mimi niliyeiweka juu ya spika. Spika ina sumaku. Fundi gani anaweka utepe juu ya sumaku?" Baadhi walicheka kidogo, kwa aibu. Yeye hakucheka. Wote walinitazama mimi, niseme neno.

Nilipaswa kusema wakati ule. Nilisema kwamba makosa hutokea. Halafu, kwa kuwa taratibu zilitaka hivyo, nilimwandikia onyo la uzembe, nikamsomea mbele ya kikao, nikaliweka katika jalada lake. Sahihi ni yangu.

Nimejiuliza miaka mingi kwa nini nilinyamaza, na sitaki kumpa msomaji jibu zuri kuliko lile la kweli. Niliona haya. Lakini lipo jingine. Utepe ulipozunguka bila sauti, kabla ya huruma, kabla ya hofu, nilijisikia nimepumzika. Nilijua kwamba sasa hataondoka. Sikuifuta rili ile kwa makusudi, hilo naweza kuliapa. Ila ilipokwisha kufutika, nilifurahi, na hilo pia naliapa. Nilikuwa nimekwisha kuanza kuhesabu jinsi kituo kitakavyokufa bila yeye.

Chuo kilisubiri hadi mwisho wa Septemba, kikampa mwingine nafasi. Mwaka uliofuata wafadhili walikuwa na mipango mingine. Damari aliendelea na kazi. Hakuwahi kuchelewa.

Gerald alijua. Siku chache baada ya kile kikao alikuja ofisini, akaweka mezani ule uzi mwekundu wa rili, ukiwa bado na fundo lake. Nyuzi zake alizifunga kwa fundo la wafugaji, lile wanalofungia ndama, linalofunguka kwa kuvuta ncha moja. Fundo la uzi ule lilikuwa langu, la kawaida kama la kamba ya kiatu. Aliuweka, akanitazama kidogo, akasema, "Mzee, nimeleta uzi." Akatoka. Hakusema zaidi siku ile wala siku nyingine. Alikuwa na watoto watano na mimi nilikuwa mkuu wake wa kazi. Alistaafu 2006, akarudi kwao Shelui, akafariki 2011.

Mwezi uliopita Damari alikuja kunijulia hali hapa nyumbani Mwankoko. Alikuta nimeegemezwa mito barazani.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, Damari. Kaa karibu, sauti yangu haifiki mbali siku hizi."

"Nitaipandisha," alisema, akizungusha kidole kama mtu anayezungusha kitufe cha redio. Tukacheka. Nilijua nikiendelea kucheka sitasema tena, nikasema yote kwa mara moja, kama nilivyoyasema hapa.

Hakulia. Aliuliza, "Wewe?"

"Mimi."

"Siyo Gerald?"

"Siyo Gerald."

Alisimama, akatembea mpaka mwisho wa baraza, akarudi. Ndipo aliponieleza jambo ambalo sikulijua. Mwaka 1998 alichukua rili ya zamani ya nyimbo, akaiweka juu ya spika ile ile kwa siku arobaini. Alipoipiga, nyimbo zote zilikuwepo. Zilikuwa na kitu kama pigo dogo kila rili ilipozunguka, basi. "Sumaku ya spika inatafuna upande mmoja, Mwalimu. Haifuti yote. Utepe wangu ulikuwa msafi. Usafi ule ni wa mashine." Tangu siku ile alijua kwamba kuna mtu aliyeufuta. Na kwa kuwa funguo zilikuwa mbili, na ufunguo mmoja ulikuwa wa mtu aliyeandika sheria ya kusikiliza kwanza na barua ya kumpendekeza, hakuwa na shaka ni nani.

"Nilikaa na Gerald miaka minane, chumba kimoja," alisema. "Nilimwitikia salamu tu. Alipofiwa na mama yake sikumpa pole. Alipokufa mlijaza gari kwenda Shelui, mimi nikasema mtambo una hitilafu. Mtambo ulikuwa mzima."

Anastazia alileta chai. Damari alimshukuru, akaishika bilauri mpaka ikapoa, hakuinywa. Nilianza kumwomba radhi, akainua mkono.

"Hiyo karatasi ya kuniaga, si umepewa wewe uiandike?"

"Nimepewa."

"Basi andika humo. Onyo nilipewa mbele ya watu. Na jina la Gerald uliandike lote, lisomwe lote."

"Nitaandika."

"Mkewe Yustina aalikwe, akae mbele, siyo kule nyuma wanakokaa wageni wa kuchelewa."

"Nitawaambia kamati."

"Na usiandike kwamba nimekusamehe. Nikifika huko nitakuja kukwambia mwenyewe. Ukinitangulia kuondoka, basi, utakuwa umeondoka." Kisha akachukua mkoba wake, akaniaga kama kawaida: "Haya Mwalimu. Upone."

Kwa hiyo ninaandika. Gerald Kiula, mtunza stoo wa kituo hiki kwa miaka ishirini, hakufuta utepe wa Damari Hezekia. Aliufuta Emilian Mughwai, mkurugenzi, kwa kuvunja sheria aliyoiweka mwenyewe. Onyo la Septemba 1992 halikuwa la haki. Nimeuomba uongozi wa sasa uliondoe katika jalada la Damari, nao umekubali na kuniletea barua. Dakika kumi na mbili za bibi Raheli sina namna ya kuzirudisha. Kati ya kinamama kumi na mmoja waliosimama naye siku ile, hayupo hata mmoja aliye hai.

Mama Yustina, mumeo alikaa kimya kwa ajili ya watoto wenu, na kimya chake kilinilinda mimi kuliko kilivyomlinda yeye. Kila siku aliyoingia kazini akasalimiwa kwa ubaridi, ubaridi ule ulikuwa wangu. Sina haki ya kukuomba lolote. Nimeona tu usikie jina lake likisomwa mbele ya watu wale wale.

Vijana mnaofanya kazi kituoni leo mnarekodi kwenye mashine zisizojua kuisha kwa utepe, na pengine mtashangaa kwamba maisha ya mtu yaligeuka kwa ajili ya rili moja. Ninyi mnamjua Damari kama fundi anayesikia nyaya zinavyoumwa kabla mita haijaonyesha. Mjue pia kwamba alistahili darasa ambamo walikuwemo wengine wa aina yake, na kwamba miaka thelathini na mitatu alifanya kazi peke yake kati ya watu waliojua nusu moja tu ya anachokijua. Yote mnayomshukuru leo aliyafanya bila darasa lile. Angefanya nini akiwa nalo, hatutajua.

Kamati inanifahamisha kwamba siku ya pili baada ya sherehe Damari ameomba gari la kituo, na ameomba asiendeshewe na mtu mwingine. Atamrudisha Mama Yustina nyumbani Shelui, na huko kuna kaburi ambalo hajawahi kulifikia. Sitauliza atasema nini akifika.

Damari, kwa niaba ya wote waliowahi kufanya kazi Miamba, asante kwa sauti ulizozitunza, kwa mitambo uliyoifufua, na kwa kuja kila asubuhi mahali palipokunyima haki yako. Wenzako wanakutakia maisha mema ya kustaafu, yenye afya na watu unaowapenda. Nami ninakutakia hayo hayo, kama utaniruhusu kuwa mmoja wao.

Emilian Mughwai
Mwankoko, Singida
Juni 2025